Mjomba akae wapi? Tunapanga ukumbi wa harusi Mtwara, kadi za watu 250, meza zinaingia 16

Mpwa wa Masasi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Dada yangu anaolewa Novemba hii hapa Mtwara mjini. Nikisema dada msianze kuuliza tumbo moja au vipi. Mama yake na mama yangu ni mtu na mdogo wake, na kwetu Wamakua hapo hakuna cha binamu. Bwana harusi ni Mchagga wa Moshi, yuko hapa kikazi mwaka wa sita sasa, ugali wa muhogo anakula bila kulazimishwa. Kwa kuwa ndugu zake wanatoka mbali, zaidi ya kilomita 1,000, pande mbili zimekubaliana sherehe iwe moja na kamati iwe moja. Mimi nikatupiwa ukumbi na mapokezi. Nilijua ni kazi ya kuhesabu viti.

Ukumbi nimeupima mwenyewe na tepu ya fundi seremala: mita 14 kwa 20. Mwenye ukumbi anasema unaingiza watu 300. Labda wakisimama kama kwenye daladala. Jukwaa la meza kuu limekula mita 3. Bufee na mlango wa nyuma mita 2. Kamati ya burudani inataka mita 4 za kuchezea. Zimebaki mita 11.

Sasa meza za duara za kukodi zina kipenyo cha mita 1.5, wanakaa watu 8. Mtu akikaa kiti kinarudi nyuma kama nusu mita, kwa hiyo meza na viti vyake ni mita 2.5. Weka sentimita 60 za mhudumu kupita na vinywaji, meza moja inataka mita 3.1. Upana ni mita 14, toa njia ya maharusi mita 1.5, zinaingia meza nne, mbili huku na mbili huku. Kwa urefu inaingia mistari mitatu. Meza 12, watu 96. Nikawapigia magoti watu wa burudani wanipe mita moja, wakanipa huku wamenuna, ukaingia mstari wa nne kwa kubanana. Meza 16, watu 128.

Kadi zilizochapwa: dabo 90, singo 70. Piga hesabu mwenyewe. Na hapo mtoto hajahesabiwa, wakati mtoto wa huku anakuja, anakalia kiti na soda anataka.

Hilo ningelimeza. Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kuna mjumbe wetu katoka Dar na ramani yake tayari imechorwa kwenye kompyuta. Meza kuu: maharusi na wapambe wao. Kulia wazazi wa bibi harusi, kushoto wazazi wa bwana harusi. Mstari unaofuata wakubwa wa kazini na waliochangia pakubwa. Halafu kuna kundi limeandikwa "ndugu wengine". Nikatafuta mjomba yuko wapi. Meza ya 11, ubavuni mwa spika, kwenye ndugu wengine.

Wakuu, huyo mjomba ndiye aliyemlea bibi harusi pale Masasi tangu darasa la tatu. Barua ya posa ilifunguliwa mbele yake. Washenga walipokuja walikaa sebuleni kwake, si kwa baba. Baba yupo hai, tunamheshimu, lakini yeye na mama waliachana zamani, ana mke mwingine Dar, na ile ramani imemweka yeye, mkewe na mama meza moja. Hao watu watatu hawajawahi kukaa hata msibani safu moja.

Habari imeshafika Masasi, sijui nani kaipeleka. Mjomba kanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Niambieni tu kama nije au nisije, nina korosho za kuokota."

Zimebaki wiki tatu. Naombeni akili.

Korosho Ghafi

Nimeweka kambi hapa na kikombe cha chai. Huyo mjomba akigoma uzi utafika kurasa kumi.

Mwana Kitangari

Mpwa, shukuru amekutumia ujumbe. Mjomba aliyekasirika kwelikweli hatumi ujumbe.

Wenzetu wa mikoa mingine watushangae wakitaka, lakini Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo tunauhesabu kwa mama. Baba amezaa, ila mwenye mtoto ni njomba. Kuanzia mtoto anapopelekwa jandoni au unyagoni, posa, mahari, hata msiba, mtu anauliza "njomba wake anasemaje?" Mkimwandika kwenye ndugu wengine, mmemwambia mbele za watu kwamba mtoto si wake.

Nimewahi kuhudhuria harusi moja Newala, sitaji ya nani. Ukafika wakati wa kulishana keki. Mshehereshaji kaita wazazi wa pande zote, kaita wasimamizi, kaita mpaka bosi wa bwana harusi. Njomba hakuitwa. Hakuna aliyegombana. Mzee alisimama, akavaa kofia, akatoka. Baada ya dakika tano meza yake yote ikatoka. Baada ya kumi Coaster ikawashwa nje. Ile sherehe iliendelea na nusu ya viti vitupu, pilau ikagawiwa walinzi.

Ushauri wangu: anza na kiti cha njomba, wengine wote uwapange kutokea hapo. Mbele kabisa, mahali ambapo bibi harusi akiinua macho anamwona. Mama akae naye, ni dada yake, hakuna wa kuhoji. Baba mpe meza yake upande uleule wa kulia na mkewe na ndugu zake, mbele pia, isionekane ameshushwa. Katikati yao weka meza ya mashangazi na mama wadogo. Hao ni ukuta mzuri, wana maneno mengi, hakuna mtu atapata nafasi ya kununa.

Kibosho wa Kusini

Mimi ni Mchagga, nina miaka 11 Mtwara, nimeoa Nanyamba. Nisaidie upande wa pili.

Mkuu, upande wa bwana harusi mkiwapa "mjomba mbele" hawatawaelewa, sisi ukoo unakwenda kwa baba. Waulizeni baba mkubwa ni nani na yuko au hayuko. Kama yupo, huyo ndiye mizani ya mjomba wenu. Wakae meza mbili za kwanza, moja kulia moja kushoto, umbali sawa kutoka jukwaani. Sawa kabisa, pima na hiyo tepu yako, maana wazee wana macho.

Halafu hujataja ndafu. Wachagga wanatoka Moshi bila ndafu? Atakuja mbuzi mzima wa kuchoma, kasimama, kapambwa majani, kabebwa na watu wanaocheza. Njia ya mita 1.5 haitoshi wabebaji na wapiga vigelegele, na mkitokea kona ya meza ndafu inaweza kumwangukia mkwe. Tafuteni meza ndogo ya ndafu karibu na jukwaa na muiache wazi tangu mwanzo. Mimi kwenye yangu tulisahau, ndafu ikawekwa juu ya meza ya zawadi. Shuka la zawadi mpaka leo lina mafuta.

Ramani Safi

Naona mnakuza mambo. Sherehe ni ya mjini, ifuate utaratibu wa mjini. Mtu ametoa laki tano unamkalisha nyuma ya mzee aliyekuja na kuku? Mwakani mkiitisha michango atawajibu nini? Wanaokaa mbele ni waliobeba sherehe. Mjomba aletewe kiti kizuri popote, aheshimiwe kwa chakula.

Mwana Kitangari

Ramani Safi, wewe ndiye huyo mjumbe wa Dar au ni ndugu yake?

Huyo mzee aliyekuja na kuku amekuja na mtoto. Hiyo laki tano ungempelekea nani kama mtoto asingetoka?

Korosho Ghafi

Laki tano za mwezi gani? Mimi shangazi yangu Tandahimba ameahidi laki mbili, mnada wa korosho umepita na hela haijaingia benki. Na yeye aandikwe "ndugu wengine"?

Fundi Turubai

Nakodisha maturubai na viti, nimeanzia Ligula, sasa nakwenda mpaka Mnazi Mmoja kule Lindi. Niachieni suala la nafasi, la mjomba mmelimaliza.

Mleta uzi, hesabu yako ni sahihi ila umeng'ang'ania meza. Watu 250 mezani kwenye ukumbi huo haiwezekani. Mgeni mmoja kwenye meza ya duara anakula kama mita 1.2 za mraba ukiweka na njia. Kwenye viti vya mistari anakula kama nusu yake. Changanya. Meza weka mistari miwili tu ya mbele, hizo ni meza 8, wazee 64, zitachukua kama mita 6.2. Zinabaki mita 5.8. Panga viti, mgongo hadi mgongo sentimita 90, unapata mistari 6. Kila mstari viti 20, kumi huku kumi huku, uache njia ya katikati na upenyo ukutani pande zote mbili. Hapo ni 120. Jumla 184.

Hao 66 waliobaki watoe nje. Turubai mbili za mita 6 kwa 6, viti na meza chache ndefu za vinywaji. Msiwapeleke kama adhabu. Weka spika ndogo moja, taa za kutosha, na kituo kimoja cha chakula kulekule nje. Vijana watagombania wenyewe. Novemba ya Mtwara mnaijua, joto la kabla ya mvua, shati linalowa kabla hujasalimia.

Mambo madogo ambayo watu huyasahau. Kusi ya Juni mpaka Agosti imeshapita, lakini kamba za turubai fungeni kama ipo, upepo wa baharini hauna adabu. Mvua inaweza kuwahi, kwa hiyo turubai isiwe na tundu. Kama ua ni mchanga, viti vya plastiki vya miguu myembamba vinazama, mtu mnene anaondoka na kiti. Tandikeni majamvi magumu au mniombe viti vya miguu mipana. Jenereta iwe mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi nje. Na viti vihesabiwe mara mbili, vikishushwa na vikipakiwa, kwa saini. Hapo ndipo kamati nyingi hupigwa faini.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Wanangu, mmesema meza mmesema viti, nani kasema jamvi?

Ukoo wa Masasi nusu Wakristo nusu Waislamu, najua, nina wakwe kule. Bibi wa miaka themanini umkalishe kiti cha plastiki saa tano mfululizo, miguu inaning'inia, hiyo ni heshima au mateso? Sisi kwenye walima watu wanakaa chini, sinia moja watu wanne mpaka sita, na hakuna anayelalamika nafasi. Tengeni kona moja, hapo ubavuni ukutani, mikeka mizuri na mito. Watakaa mabibi na watoto wao wadogo. Sinia sita tu zinawatosha watu thelathini.

La pili, bia. Wachagga watakunywa, ni sherehe yao, hatuwakatazi. Lakini msimkalishe sheikh wa ukoo meza inayopakana na kreti. Vinywaji vya aina hiyo vikae nje na hao vijana, au upande wa mbali. Na chakula mpishi awe mmoja anayeaminika na wote, watu wasianze kunong'onezana nani kachinja.

La tatu, somo wa bibi harusi. Mmemsahau, nimesoma juu mpaka chini simwoni. Yule ndiye aliyemfunda. Akae anapoweza kumfikia bibi harusi kwa hatua tatu, maana kanga ikilegea au machozi yakija hataitwa mpambe, ataitwa yeye.

Mpwa wa Masasi

Shikamoo Bi Mkubwa. Somo kweli nilimsahau, angenitoa roho.

Wakuu, nimekaa na bibi jana usiku. Tumemwaga vizibo vya soda sakafuni kuwa meza, na korosho ghafi kuwa watu. Kubwa wazee, ndogo vijana. Mjomba tumempa korosho iliyobanguka upande, bibi ndiye kaichagua akacheka peke yake. Kwa saa mbili tumemaliza kazi ambayo kundi la WhatsApp limeshindwa wiki mbili. Unaona mara moja nani kamgeuzia nani mgongo. Asubuhi nimekuta watoto wamezikusanya korosho wamezipeleka kuchoma, lakini nilikuwa nimeshapiga picha.

Mpango mpya. Meza ya 1 kulia: mjomba, mama, somo, na mke wa mjomba. Meza ya 1 kushoto: baba mkubwa wa bwana harusi (yupo, nimeuliza, anakuja), baba yake na mama yake. Umbali kutoka jukwaani nimepima, sawasawa. Baba yetu na mkewe meza ya 3, ukuta wa mashangazi meza ya 2. Watu wa laki tano meza ya 4 na ya 5, bado wanaona keki vizuri. Nimempigia mjomba kumweleza kiti chake. Kakaa kimya muda, kisha akauliza, "Na baba yake mmemweka wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Vizuri, msimweke nyuma."

Sasa nimeingia kwenye kosa lingine. Nilitaka meza ziwe na majina badala ya namba, nikazipa majina ya kwetu: Ndanda, Lupaso, Kitangari, Mahuta, Sudi, Msimbati. Nikaona nimebuni. Kumbe nimewasha moto. Mama mdogo mmoja wa Lupaso amekuta yuko meza ya Ndanda, anauliza kwa nini amehamishwa kijiji. Mwingine anasema Lupaso ndiko alikozaliwa Rais Mkapa, kwa nini iwe meza ya sita na siyo ya kwanza.

Korosho Ghafi

Hahaha! Mlangoni ungeweka na afisa uhamiaji.

Kibosho wa Kusini

Wachagga wakiketi meza ya Msimbati watadhani wamepelekwa ufukweni.

Mmwera wa Rondo

Futa majina leo. Na namba pia zina maneno, wa 14 anajiuliza kwa nini si wa 4. Tulichofanya kwetu Mtama ni rangi za utepe. Kadi ina utepe wa rangi, kitambaa cha meza kina rangi ileile. Bibi asiyesoma anafuata rangi yake, na hakuna rangi iliyo juu ya nyingine. Mkiwa na kundi moja la viti vya mistari, wote utepe mweupe, wakae wanapotaka.

Mlangoni usiweke wasichana warembo wasiomjua mtu. Weka watu wawili, mmoja wa ukoo huu mmoja wa ukoo ule, watu wazima wanaojua nani ni nani. Kazi yao si kukagua kadi, kazi yao ni kumjua mtu kabla hajataja jina. Mtu akitokea bila kadi lakini ni wa ukoo, wanajua pa kumpeleka bila kelele.

Kwa hiyo acha viti kumi na tano hivi pembeni, vimekunjwa, visionekane. Atakuja mwenyekiti wa mtaa na watu wake. Watakuja watani, hao hawana kadi, watakalia kiti cha bwana harusi mpaka walipwe. Wape hela ndogo mapema waondoke wakicheka.

Fundi Turubai

Hapo kwa watani nakubali. Mwaka juzi nilifungua turubai saa 8 usiku, nikakuta mtani amelala ndani ya kitambaa cha mapambo.

Mpwa wa Masasi

Nimefuta majina. Utepe umenunuliwa. Tuonane baada ya shughuli.

Korosho Ghafi

Mrejesho uko wapi? Jumatatu hii. Mjomba alikuja?

Mpwa wa Masasi

MREJESHO

Wakuu, nimelala siku nzima jana, nisameheni.

Kadi ilisema saa 12 jioni, maharusi waliingia saa 3 kasoro robo usiku. Coaster ya Masasi, safari ya kilomita 200 hivi, ilifika saa 10 alasiri, ya kwanza kuliko wa mjini wote. Mjomba alishuka na kanzu, koti la suti juu yake, kofia na bakora. Nilimpokea mwenyewe. Hakuuliza kadi wala utepe. Aliangalia ukumbi, akaangalia jukwaa, akaangalia meza ya kushoto, akakaa. Viti vya meza za mbele vilikuwa vile vya kifalme, vya mto mwekundu na pembe za dhahabu. Nikashusha pumzi.

Mshehereshaji tulimwandikia karatasi. Alimtambulisha mjomba kabla ya mtu yeyote upande wetu, akasema "mwenye mtoto". Akina mama wa Masasi walipiga vigelegele mpaka spika ikakoroma. Baba alisimama akampa mkono. Sikutegemea hilo. Mama alikuwa anatazama keki.

Ndafu ilipita, njia tuliipanua tukatoa viti viwili kila mstari. Baba mkubwa wa Moshi alikata kipande akakileta mwenyewe meza ya mjomba, wakaongea kama watu waliosoma pamoja.

Sasa sikilizeni. Ukumbi una feni sita, zilizokuwa zinazunguka mbili. Watu mia mbili ndani, Novemba, madirisha yamefunikwa mapambo. Saa 4 kasoro mjomba amesimama. Nikajua basi, kuna jambo nimelikosea. Nikakimbia. Mzee akakiinua kile kiti cha kifalme, akakibeba begani, akatoka nacho mlangoni mbele ya kamati nzima. Nikamfuata, "Mjomba, kuna nini?" Akaniambia, "Mwanangu, ndani mnatupika." Akaweka kiti chini ya mwembe nyuma ya turubai, akavua koti.

Dakika chache baadaye baba mkubwa wa Moshi naye katoka na chake. Kisha mashangazi. Kisha watu wa laki tano, wote wawili, wamebeba viti vyao wenyewe na tai zimelegezwa. Vijana waliokuwa nje wakaona meza za ndani ziko wazi, wakaingia. Mpaka saa 4 na nusu wazee wote walikuwa nje kwenye upepo na vijana wako meza za mbele wanakula keki. Mabibi wa kwenye mikeka tu ndio hawakuhama, walikuwa karibu na mlango wa pembeni, upepo unawafikia. Bi Mkubwa ulijua.

Zamu ya kulishana keki ilipofika, bibi harusi aliangalia meza ya kwanza akakuta kijana wa boda anakula. Akauliza mjomba yuko wapi. Ikabidi maharusi, wapambe, somo, mpiga picha na mshehereshaji na maiki yake ya waya waandamane mpaka chini ya mwembe. Waya ukaisha mlangoni. Akalishwa keki bila maiki. Akina mama wakaanzisha ngoma hapohapo mchangani, maana kule ndani nilishawanyang'anya ile mita moja, na hawakurudi tena ndani mpaka saa 7.

Mwana Kitangari

Angeondoka na kiti cha meza ya 11 usingemwona nje, ungemwona barabarani anatafuta gari la Masasi.

Ramani Safi

Nakiri. Mmoja wa wale wa laki tano ni bosi wangu, leo asubuhi kaniambia hajawahi kufurahia harusi kama ile.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Hongereni wanangu. Na mapambo ya madirishani mara nyingine muweke ya kupitisha hewa.

Fundi Turubai

Na viti? Mlihesabu wakati wa kupakia?

Mpwa wa Masasi

Tulikodi 265, vimerudi 262. Viwili vya plastiki vimepatikana kwa jirani, watoto walikuwa wanavitumia kama goli. Cha tatu ni cha kifalme, mwenye mali ananidai. Nimehangaika nacho tangu asubuhi, mpaka mchana huu mke wa mjomba kapiga simu kuniambia walifika salama. Nikamuuliza kiti. Akasema kipo barazani, mzee amekikalia, anaangalia korosho zake.

Fundi Turubai

Anasemaje?

Mpwa wa Masasi

Anasema si tulimwambia kiti ni chake.